Maji ya Moto kwa Wote

Kengele ya asubuhi ilipolia, wasichana wa shule yetu waligawanyika makundi mawili: walio na maji ya moto, na wanaopiga mayowe. Mgawanyo huo haukuwa wa bahati. Ulitegemea tu unalala wapi.

Shule ilijengwa kwenye mteremko. Bweni la Juu lilikaa karibu na kilele, Bweni la Kati lilikaa katikati kama jina lake lilivyoahidi, na Bweni la Chini lilikaa bondeni, karibu na mabafu. Kila bweni lilikuwa na pipa lake la kuchemshia maji, na kila bweni lilikuwa na sehemu yake ya miti pale mteremkoni, mingi ikiwa imepandwa na wasichana waliotangulia, ambao siku hizi ni mama za watu. Sheria zilikuwa chache, na hakuna aliyekumbuka nani alizitunga. Okota matawi makavu katika sehemu yako. Usiguse mti mbichi. Kila mwaka panda miche.

Miti ya Juu ilikuwa mikubwa, na upepo ukivuma kidogo tu iliangusha kuni za kutosha. Ya Kati ilikuwa ya wastani. Ya Chini, bweni la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, bado ilikuwa miche, kwa kuwa sehemu yao ilikuwa imeongezwa juzijuzi. Mche hauchemshi maji. Kwa hiyo wadogo walioga maji baridi, katika msimu ambao hata bomba lilionekana kutetemeka, na mayowe yao yalifika kila kona kwa wakati uleule kila siku. Matroni alisema hana haja ya kununua saa.

Miongoni mwa wapiga mayowe alikuwapo Kifaranga. Alipewa jina hilo kwa sababu ya sweta lake la manjano, ambalo lilimzidi mpaka magotini. Kila alipomaliza kuoga alibeba beseni lenye maji yaliyobaki, akapanda nayo mteremkoni na kuyamwaga taratibu kwenye shina la mche wake.

"Kunywa polepole," aliuambia. "Hakuna anayekukimbiza."

Dada yake wa tumbo moja alilala Bweni la Juu na aliitwa Mheshimiwa. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, siku aliposimama katika ukumbi wa chakula, akakohoa kidogo, akawashukuru wote waliohudhuria, kisha akaomba apitishiwe chumvi. Tangu siku hiyo tulijua mwisho wake. Ulipofika uchaguzi wa Dada Mkuu, alisimama akiwa na ahadi moja tu: "Maji ya moto kwa wote!" Mpinzani wake aliahidi filamu ndefu zaidi siku za Jumamosi. Mheshimiwa alishinda kwa kishindo, na mpinzani mwenyewe alionekana akipiga makofi.

Haki itendeke: ahadi ilikuwa nzuri, na hakuitoa kwa ujanja. Aliyasikia mayowe ya mdogo wake kila asubuhi akiwa amezama katika maji yenye mvuke, na maji yale yalianza kumkosesha raha.

Kikao cha kwanza cha serikali yake kilifanyika Jumamosi asubuhi penye mawe ya kufulia. Wajumbe walikuwa wawili: yeye na rafiki yake Sindano, Waziri wa Nishati, msichana mwembamba mwenye ulimi wa kuchoma.

"Jumatatu natangaza kwenye paredi," alisema Mheshimiwa huku akisugua kola. "Mipaka yote inafutwa. Miti yote inakuwa ya shule nzima. Kuni zitakusanywa pamoja na kugawanywa sawasawa."

Sindano aliacha kukamua soksi. "Hata miti yetu?"

"Hasa yetu. Ndiyo mikubwa."

"Na nani atailinda?"

"Wote."

"Wote nani?"

"Sindano, wote ni wote! Unataka nikuitie mmoja mmoja?"

Sindano aliitazama soksi kana kwamba ndiyo iliyouliza maswali. "Na kuni ambazo mtu tayari anazo chini ya kitanda?"

Hilo Mheshimiwa hakuwa amelifikiria. Alikohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya maamuzi makubwa. "Zilizo chini ya kitanda ni mali ya mwenye kitanda," alisema. "Serikali yangu haiingii chini ya vitanda vya watu. Lakini usimwambie mtu."

Sindano aliapa, na akamwambia mtu mmoja tu. Huyo naye akamwambia mtu mmoja tu. Kwa uaminifu wa namna hiyo, ilipofika saa ya chakula cha mchana Bweni la Juu zima lilikuwa limekwisha kujua.

Mchana ule wasichana wa Juu walikuwa mitini na mapanga ya jikoni. Walianza na matawi makavu, kwa adabu. Makavu yalipokwisha wakahamia mabichi. "Jumatatu si yetu tena," walisema. "Tumwachie nani?" Kila mmoja aliposhuka na mzigo wake, yule wa nyuma yake alipanda juu zaidi.

Mheshimiwa alirudi bwenini jioni akakuta rundo zuri la kuni, limefungwa kwa kamba, chini ya kitanda chake.

"Nani kaweka hizi?"

"Ni zako, Mheshimiwa," alijibu mmoja kwa heshima zote. "Tukusahau wewe tena?"

Alisimama akilitazama lile rundo. Angeweza kusema, "Zitoeni." Angeweza kutoka mlangoni na kuwapigia kelele waliokuwa bado mitini. Badala yake alilivuta shuka lake likaning'inia mpaka sakafuni, na rundo likawa halionekani.

Jumapili Bweni la Kati likashtuka.

"Wenzetu kule juu wanafanya nini?"

"Wanasema wanafanya usafi."

"Usafi wa mapanga?"

Habari kamili ilipowafikia, hawakupoteza muda kuuliza kama ni kweli. Miti yao haikuwa na matawi mengi, basi wakaikata mashina.

Bweni la Chini lilipata habari mwisho, kama lilivyozoea kupata mchuzi. Mapanga yalikuwa yamekwisha. Wadogo walikwenda mteremkoni na visu vya mezani, na wengine mikono mitupu. Kifaranga alisimama mbele ya mche wake na beseni lake. Jirani yake wa kitanda, msichana mnene aliyeitwa Mto, alikuwa amekwisha kung'oa wa kwake.

"Kata basi," alisema Mto.

"Bado mdogo."

"Kesho si wako."

"Mimi sitaki kuukata."

"Basi uache. Mwenzio atakuja kuukata, halafu utalia bure."

Kifaranga alichuchumaa. Kwanza aliumwagia maji, kwa kuwa alikuwa ameyabeba. Kisha akaukunja. Ulikuwa mbichi mno kuvunjika, ukapinda tu na kurudi, ukapinda na kurudi, mpaka akaanza kuusokota na gome likachubuka. Ulipokatika mwishowe, kuni aliyoipata ilikuwa na unene wa kalamu. Aliilaza chini ya kitanda chake na majani yake.

Jumatatu, kwenye paredi, Mheshimiwa alipanda jukwaani na kuwashukuru wote waliohudhuria. "Kuanzia leo," alitangaza, "miti yote ni yetu sote!"

Tuligeuka sote kuitazama mali yetu. Mteremko ulikuwa umenyolewa. Huku na huko palisimama nguzo isiyo na tawi hata moja, na mahali pengine visiki vyeupe viliangaza kama meno. Makofi yalipigwa, lakini yalikuwa ya heshima tu.

Wiki hiyo tulijifunza mambo mengi kuhusu kuni mbichi. Haziwaki; hutoa moshi na kutokwa na povu. Wapishi wa mapipa walirudi macho mekundu, wakikohoa, na maji waliyoleta hayakuwa ya moto bali yalikuwa yamesikia habari za moto. Chini ya vitanda, siafu walianzisha makazi. Kijiti kikavu, ambacho zamani kiliokotwa bure, sasa kilibadilishwa kwa kipande cha sabuni. Bweni la Juu, lililoanza kukata mapema na kujipatia makavu yote, lilijaa sabuni. Bweni la Chini halikuwa na kijiti wala, baada ya muda, sabuni. Waliendelea kupiga mayowe, na sasa walipiga wakiwa wachafu.

Kisha mvua ikanyesha.

Ilikuja mchana, tukiwa darasani, na hilo ndilo jambo pekee la kushukuru. Zamani mvua ya namna ile iliangukia majani kwanza, ikateremka polepole na kunywewa njiani na mizizi. Safari hii haikukuta wa kuipokea. Ilishuka mteremko mzima kwa mkupuo, ikabeba udongo mwekundu, ikaziba mfereji nyuma ya mabafu, ikaingia Bweni la Chini kwa mlango wa mbele bila kubisha. Tulipofika tulikuta viatu vikielea, magodoro yamelowa, na masanduku ya bati yamesukumwa mpaka ukutani. Tope lilifika juu ya vifundo vya miguu. Wadogo walihamishiwa ukumbi wa chakula, walale kati ya meza.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliyasema machache yake mbele ya shule nzima akiwa amevaa mabuti.

"Mmepewa serikali yenu na miti yenu, na mmeonyesha mnachoweza. Ijumaa naivunja Serikali ya Wanafunzi. Mteremko utang'olewa visiki na kumwagiwa zege, na habari ya maji ya moto imekwisha. Kama kuna mwenye sababu ya kunizuia, aniambie kabla ya hapo."

Mheshimiwa aliunda tume. Alijiteua kuwa mwenyekiti, Sindano akawa katibu. Tume ilitembelea tope, ikalitikisia kichwa, ikarudi na matokeo: chanzo cha maafa kilikuwa mvua. Ilipendekeza mvua ifuatiliwe kwa karibu.

Alhamisi mchana Mheshimiwa alikwenda ukumbi wa chakula kumpelekea mdogo wake soksi kavu. Alimkuta ameketi sakafuni, anakwangua tope kwenye kiatu kwa mpini wa kijiko.

"Pole, mdogo wangu."

"Asante, dada." Kifaranga aliendelea kukwangua. "Tume imesema ni mvua?"

"Ndiyo. Mvua ilikuwa kubwa."

"Mwezi uliopita ilinyesha kubwa kuliko hii. Mbona haikuingia?"

Mheshimiwa alinyoosha soksi zilizokuwa tayari zimenyooka.

"Na Bweni la Juu," alisema Kifaranga, "walianza kukata Jumamosi. Wewe umetangaza Jumatatu. Walijuaje?"

Mheshimiwa alikohoa kidogo. Kifaranga aliweka kijiko chini akasubiri, kwa sababu kila mtu katika familia ile alijua kwamba baada ya kikohozi kile huja hotuba. Hotuba haikuja.

"Mche wangu nimeukata mwenyewe, dada. Waliniambia kesho si wangu." Alizungumza bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Kama ungekuja ukaniambia utabaki na utalindwa, ningeuacha. Mimi ningekuamini."

Ijumaa, shule ilipokusanyika, Mheshimiwa alipanda jukwaani akiwa amebeba rundo la kuni begani. Hakumshukuru yeyote. Alilitupa rundo miguuni pake likatoa kishindo, na majani yaliyonyauka yakatawanyika.

"Hizi zilikuwa chini ya kitanda changu," alisema. "Hazikuletwa na mvua. Mpango wangu nilimwambia rafiki yangu kabla ya kuwaambia ninyi, na nikasema kilicho chini ya kitanda hakitaguswa. Bweni langu likapata siku nzima ya kujichukulia. Nilipoona, nilifunika kwa shuka." Akawageukia wa Bweni la Chini. "Niliahidi maji ya moto kwa wote. Sikuwauliza wote. Bweni la Chini ndilo nililotaka kulisaidia, na ndilo lililolala kwenye tope. Mwalimu, nivue cheo. Lakini miti usiimwagie zege, haina kosa."

Kisha sauti ikatoka safu ya nyuma: "Na mimi nilimwambia mtu!" Alikuwa Sindano, amesimama, uso umemwiva. "Lakini mmoja tu!"

"Na mimi mmoja!" alidakia mwingine.

"Na mimi!"

Paredi nzima iliangua kicheko, na hata Matroni aligeuza uso kuutazama ukuta.

Kicheko kilipopungua, Mwalimu wa Jiografia aliomba nafasi. Alikuwa mama mtulivu ambaye tulimwogopa kwa jambo moja tu: chaki yake ya bluu ya kuchorea mito, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

"Nina maswali matatu," alisema. "Nani alikata mti kwa sababu alikuwa na shida ya kuni siku ile?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nani alikata kwa sababu anachukia miti?"

Mkono mmoja ulinyooshwa kutoka Bweni la Kati, ukavutwa chini na jirani yake.

"Na nani alikata kwa kuogopa kwamba asipokata yeye, atakata mwingine?"

Mikono ikapanda yote. Wa Kifaranga ulikuwa umefunikwa na sweta mpaka kwenye vidole.

"Basi, Mwalimu Mkuu," alisema Mwalimu wa Jiografia, "zege halitatibu woga. Nakuomba muhula mmoja."

Mwalimu Mkuu aliitazama ile mikono kwa muda. "Muhula mmoja," alisema. "Na wewe, Dada Mkuu, hujavuliwa kitu. Umeharibu, utatengeneza. Kutoroka kazini si adhabu."

Mkutano ulifanyika mteremkoni kwenyewe, tumekaa juu ya visiki, mabweni yote. Ulikuwa mrefu na wa makelele. Juu walitaka mipaka yao. Chini walitaka maji. Kati walitaka kujua sabuni zao zimekwenda wapi. Mheshimiwa alisikiliza zaidi kuliko alivyosema, jambo lililowatisha waliomfahamu. Mwishowe tukakubaliana. Kila bweni litatunza sehemu yake, na hakuna atakayenyang'anywa alichopanda. Lakini katika kuni kavu zitakazookotwa, fungu la kwanza litakwenda kwa wenye miche, mpaka miche yao ikue. Mapanga yatakaa kwa Matroni. Na hakuna sheria itakayoanza kufanya kazi kabla haijajadiliwa na mabweni yote siku moja, mahali pamoja, tena ianze kwa aliyeitunga. Kifaranga akachaguliwa kuiwakilisha Chini serikalini. Sindano alimwonya kwamba vikao hufanyika penye mawe ya kufulia na mtu huja na soksi zake.

Kuni zilitolewa chini ya vitanda pamoja na siafu, zikatandazwa juani nyuma ya jiko. Sabuni zilirudi kwa wenyewe, baadhi zikiwa zimepungua. Tulichimba mitaro ya kukinga maji kukatiza mteremko, tukazibua mfereji, tukapanda miche. Mvua iliyofuata ilipokuja tulisimama mlangoni mwa Bweni la Chini na majembe mkononi, tukiwa tayari kwa vita. Maji yaliteremka, yakajaa mtaro wa kwanza, yakamwagikia wa pili, na yakaishia humo.

Kuni zilipokauka, pipa la kwanza lilichemshwa na Mheshimiwa mwenyewe, na maji yakapelekwa bondeni. Asubuhi hiyo hakuna aliyepiga yowe hata moja. Matroni alichelewa kuamka, na shule nzima ikachelewa pamoja naye.

Siku ya mwisho ya muhula Mwalimu Mkuu alipita mteremkoni, akagusa mtaro kwa ncha ya buti, akaondoka bila kutaja zege. Mwalimu wa Jiografia alibaki. Alimkuta Kifaranga amechuchumaa kwenye mche mpya, beseni lake tupu kando, na dada yake amesimama nyuma yake.

"Mwalimu, shikamoo. Huu utatoa kuni lini?"

"Marahaba. Utakuwa umekwisha kumaliza shule, mwanangu."

Kifaranga alikunja uso. "Sasa utakuwa wa nani?"

"Hilo ndilo swali," alisema Mwalimu, akachuchumaa naye. "Mti unakua polepole kuliko uchaguzi. Anayeupanda ni lazima aamini kwamba kesho sheria itakuwepo, inajulikana na wote, na haitageuzwa kimyakimya kwa faida ya marafiki wa wakubwa. Akiamini hivyo, atapanda na atangoja. Asipoamini, atakata leo, hata kama si mtu mbaya, hata kama anaupenda mti wenyewe. Nanyi mmeona kwamba pipa lilipoa kwa sababu ileile iliyoleta tope bwenini. Nchi ni shule kubwa tu. Ukiona mahali milima imebaki uchi na watu wamebaki maskini, usiulize kwanza kama watu wa pale ni wavivu. Uliza wanatawaliwaje, na kama waliulizwa."

Kifaranga alilifikiria hilo. Kisha akageuka kumtazama dada yake kwa macho ya mtu anayengoja jibu la serikali.

Mheshimiwa alikohoa kidogo. Akaliokota lile beseni, akashuka nalo bombani kuchota maji.